Kata Tiketi ya Ndege kwa Nauli Nzuri, Hatua kwa Hatua

Karibuni, watazamaji. Leo tunakata tiketi ya ndege pamoja, na ninataka ujue gharama ya safari nzima kabla hujatoa kadi yako. Ile bei ya kuvutia inayotokea mwanzo mara nyingi bado haijajumlisha mzigo wala kuchagua kiti.

Fungua tovuti ya kulinganisha nauli. Mimi natumia Google Flights, ila hata Skyscanner au Kayak itakufaa. Andika unakotoka na unakokwenda, kisha bofya kalenda kabla ya kuchagua tarehe. Unaona kila siku ina bei yake? Siku zinazofuatana zinaweza kupishana sana, hasa karibu na sikukuu na likizo za shule. Kama ratiba yako inaweza kusogea hata siku moja, anza hapa, maana hakuna ujanja mwingine unaookoa pesa kama huu. Angalia na viwanja jirani. London, kwa mfano, ina Heathrow, Gatwick, Stansted na Luton. Ila jumlisha nauli ya treni au basi la kukufikisha mjini.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo wengi hulipita. Mkiwa wawili au zaidi, tafuta kwanza nauli ya mtu mmoja. Viti vya daraja la kawaida mnavikalia pamoja, lakini kwenye mfumo wa shirika la ndege vimegawanywa mafungu, kila fungu na herufi yake na bei yake. Tuseme fungu la bei ya chini limebakiwa na kiti kimoja, nawe umeomba viti vinne. Kwa kawaida mfumo haukuuzii kimoja kwa bei ya chini na vitatu kwa bei ya juu. Unawapandisha wote wanne. Kwa hiyo weka abiria mmoja, andika bei pembeni, ongeza wa pili, tazama tena. Bei ya kila mtu ikiruka ghafla, fungu hilo limeisha, na unaweza kukata tiketi mbali mbali. Lakini ukitenganisha tiketi, safari ikivurugika shirika halina habari kwamba mko pamoja, na mnaweza kupangiwa ndege tofauti. Wenye watoto wadogo, hapa nawaomba mlipe tu hiyo tofauti.

Chuja matokeo. Ukiona safari ya kuunganisha ambayo ni tiketi mbili za mashirika mawili yasiyohusiana, simama kidogo. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikudai wala hulidai: kiti kimepotea. Mara nyingi utalazimika kuchukua begi lako na kulikabidhi upya, na pengine kuhitaji viza ya kuingia nchi ya katikati. Mimi nisingekubali bila saa nyingi za kusubiri hapo katikati.

Ukishapata safari unayoitaka, nenda kwenye tovuti ya shirika lenyewe ulinganishe. Tofauti ikiwa ndogo, nunua huko huko. Ratiba ikibadilika utaongea na shirika moja kwa moja, badala ya wakala kukurudisha kwa shirika na shirika kukurudisha kwa wakala.

Tazama skrini hii vizuri. Nauli ya chini kabisa mara nyingi inaruhusu begi dogo tu la kuweka chini ya kiti. Ongeza begi lako sasa hivi, kwa sababu uwanjani bei yake kwa kawaida huwa juu zaidi. Bima na kuchagua kiti, ondoa alama ya tiki kama huvihitaji. Wakikuuliza ulipe kwa sarafu ya kadi yako, soma kiwango cha kubadilishia fedha. Mara nyingi cha benki yako ni nafuu. Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Kama safari inaanzia au kuishia Marekani, na umenunua kwa shirika siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka, sheria ya huko inalitaka shirika likuruhusu kughairi ndani ya saa 24 na kurudishiwa pesa zote, au likushikilie bei kwa muda huo bila malipo. Basi ukishalipa, usifunge kila kitu. Kesho asubuhi, kabla saa hizo hazijaisha, tafuta tena safari ile ile. Bei ikiwa imeshuka, kata mpya kwanza, ndipo ughairi ya jana.