Jedwali Kwanza, Waya Baadaye

Karibuni tena. Naona wengine mmeshaanza kuchomeka chipu kwenye ubao. Ziwekeni kando kwanza, leo tunaanza na karatasi.

Kazi yenyewe ni ndogo: kujumlisha biti mbili, yaani tarakimu mbili ambazo kila moja ni 0 au 1, A na B. Chora jedwali la ukweli, lile linaloonyesha jibu la kila hali ya A na B, lenye mistari minne: 0 na 0, 0 na 1, 1 na 0, 1 na 1. Mitatu ya mwanzo haina shida. Wa nne ndio wenye neno, kwa sababu moja na moja ni mbili, na mbili kwa biti huandikwa 10. Kumbe tunahitaji nyaya mbili za jibu, moja ya jumla na nyingine ya kubeba.

Sasa shukeni na safu ya kubeba: 0, 0, 0, 1. Hiyo ni AND, geti (saketi ndogo ya mantiki) linalotoa 1 pale tu A na B zote ni 1. Safu ya jumla: 0, 1, 1, 0. Hiyo ni XOR, geti linalotoa 1 pale A na B zinapotofautiana. Saketi tumeshaipata, na hakuna aliyegusa waya.

George Boole alichapisha aljebra yake ya mantiki kwa ukamilifu mwaka 1854, bila kufikiria swichi hata moja. Ni Claude Shannon, katika tasnifu yake ya uzamili pale MIT mwaka 1937, aliyeonyesha kwamba relei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, zinafuata hesabu hiyohiyo.

Mimi hupenda kufundisha kwa NAND, maana geti hili, ambalo hutoa kinyume cha AND, peke yake linatosha kujenga mengine yote. Unganisha ingizo zake mbili pamoja, umepata NOT, linalogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0. XOR inataka NAND nne, na chipu ya 7400 inazo nne kamili. Tena la kwanza kati ya hizo nne tayari linatoa kinyume cha kubeba. Ongeza la tano likigeuze, kazi imekwisha.

Tahadhari moja: ingizo la chipu ya CMOS (aina ya chipu iliyoenea sana) lisilotumika msiliache likielea, yaani bila kuunganishwa popote. Lifungeni kwenye chanya au hasi, la sivyo litayumba ovyo na mtalaumu mantiki yenu bure.

Mkitaka kujumlisha namba ndefu, kila hatua itapokea pia biti iliyobebwa kutoka hatua iliyotangulia, na jedwali litakuwa na mistari minane. Kila geti huchelewa kidogo, nanosekunde chache tu, lakini biti ya kubeba hupita hatua moja baada ya nyingine, kwa hiyo biti ya juu kabisa ndiyo husubiri kuliko zote. Chukueni kalamu, tuijaze hiyo mistari minane.