Stoo za Kukodi: Kupima Kama Wateja Wapo Kabla ya Kununua Kiwanja

NEEMA: Karibuni tena. Leo ni stoo za kukodi, zile ambazo mtu anapanga chumba, anaweka vitu vyake na kufunga kwa kufuli lake mwenyewe. Kaka Salim, mtu ameshaona kiwanja. Aanzie wapi kupima soko?

SALIM: Aanze na dakika, dada, asianze na kilomita. Mjini wateja wengi hutoka mwendo wa gari wa dakika 10 hadi 15. Ukichora duara la kilomita 5 kwenye ramani, utahesabu na watu walio ng'ambo ya mto ambako daraja liko mbali. Hao si wako.

NEEMA: Halafu wengi huchukua idadi ya wakazi na kuizidisha kwa wastani wa nchi nyingine.

SALIM: Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Marekani ina zaidi ya futi 5 za mraba za stoo kwa kila mkazi, Uingereza haifiki hata futi 1. Ukibeba namba ya Marekani, kila mji duniani utaonekana una pengo kubwa. Hilo ni pengo la kwenye karatasi.

NEEMA: Basi tuhesabu kilichopo. Tatizo, washindani hawakwambii ukubwa wao.

SALIM: Pima kwa picha ya satelaiti. Jengo la mita 30 kwa 60, lenye sakafu 3, ni mita za mraba 5,400. Sasa toa korido, lifti, ngazi na ofisi. Jengo la namna hiyo hubaki na kama asilimia 70 hadi 75 ya kupangisha, tuseme 3,900. Stoo za chini tu, ambazo gari linafika mlangoni, hupoteza nafasi ndogo kuliko hiyo.

NEEMA: Na kujua zimejaa kiasi gani?

SALIM: Piga simu uulize kama mteja, ukubwa mmoja mmoja: mita za mraba 2, 5, 10, 20. Andika kama chumba kipo, bei yake, na ofa. Rudia kila wiki mbili kwa miezi mitatu. Ukikuta cha mita 10 hakipo popote huku cha mita 2 kinatolewa mwezi wa kwanza bure, umeshajua usijenge nini.

NEEMA: Ila tahadhari. Jengo lililojaa asilimia 95 kwa bei ya kutupa halionyeshi kwamba mahitaji ni makubwa, linaonyesha kwamba bei ni ndogo. Ndiyo maana bei na ofa ziandikwe pamoja na nafasi. Haya, tupige mfano.

SALIM: Tuseme eneo lina mita za mraba 9,000 za kupangisha, na asilimia 93 zina wateja. Hiyo ni 8,370. Soko lenye afya tuseme linajaa asilimia 88. Gawa 8,370 kwa 0.88, unapata kama 9,510. Kwa hiyo upungufu unaoonekana ni mita 510 tu.

NEEMA: Na mwekezaji anataka kujenga 4,000!

SALIM: Ndiyo. Zaidi ya mita 3,000 lazima zitoke kwa wateja wapya au kwa washindani. Halafu nenda ofisi ya vibali vya ujenzi. Ukikuta mwingine ameidhinishiwa 2,500, eneo litakuwa na 15,500, na ili zote zifike asilimia 88 zinahitajika 13,640 zenye wateja. Ni ongezeko la zaidi ya asilimia 60.

NEEMA: Ongezeko hilo hutokana na watu kuhama, nyumba kukarabatiwa, mirathi, wafanyabiashara wadogo wasio na ghala. Kwa hiyo angalia nyumba za kupanga na vyumba vidogo vinavyojengwa karibu, usiangalie idadi ya watu peke yake.

SALIM: Kisha kasi ya kujaa, ambayo kwangu ndiyo inayoua miradi mingi. Mita 4,000 kwa wastani wa mita 8 ni vyumba 500, na asilimia 88 ni 440. Ukiongeza wateja 15 kwa mwezi baada ya kutoa wanaohama, unakaribia miezi 30. Mkopo haukusubiri.

NEEMA: Na wanaohama huongezeka kadiri unavyojaa.

SALIM: Kabisa. Tuseme asilimia 6 ya wateja huondoka kila mwezi. Ukiwa na wateja 100 wanatoka 6, ukiwa na 300 wanatoka 18. Ili ubaki na ongezeko la 15, unahitaji wapya 33. Mpango unaoweka kasi ileile mwanzo hadi mwisho umeficha kazi ya miezi ya mwisho.

NEEMA: Kwa hiyo jedwali la fedha liwe na safu mbili, wanaoingia na wanaotoka, mwezi kwa mwezi.

SALIM: Na ujaribu jedwali hilo mara ya pili kwa nusu ya wanaoingia. Kama deni halilipiki hapo, punguza jengo au lijenge kwa awamu: vyumba 250 kwanza, na ardhi ya vingine ibaki tupu kwa sasa.