Notisi Haizuii Kuugua

Ndugu mwenyekiti, ndugu wafanyakazi wenzangu,

Kila ninapomaliza kuzungumza katika mikutano kama huu, kuna mtu husubiri wengine watoke, kisha hunisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini. Maneno hubadilika, swali ni lile lile: "Nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Zimebaki wiki sita. Usiku silali, moyo unanienda mbio nikiona tu simu ya bosi inaita, asubuhi natapika kabla ya kutoka nyumbani. Je, ninaruhusiwa kwenda kwa daktari aniandikie mapumziko, au haki hiyo niliipoteza siku niliyoaga?"

Nimeomba leo nilijibu swali hili mbele ya watu wote, kwa sababu kule kunong'ona ndiko kunakoniumiza. Sijawahi kuona mtu aliyevunjika mguu akiwa kwenye notisi, yaani kile kipindi kati ya barua ya kuaga na siku ya mwisho ya kazi, akaja kuninong'oneza. Huenda hospitali, hufungwa plasta, hupeleka cheti kazini, na hakuna anayemtazama vibaya. Lakini aliyeelemewa na msongo wa mawazo hujiona kama mwizi wa siku za mwajiri.

Notisi ni kazi. Mpaka saa ya mwisho ya siku ya mwisho, wewe ni mwajiriwa: unadaiwa kazi, unadai mshahara, na ukiugua unaugua kama mwajiriwa mwingine yeyote. Barua ya kuacha kazi inapanga tarehe ya mwisho ya mkataba. Haivunji mkataba siku ile ile. Kwa hiyo utaratibu wa likizo ya ugonjwa uliokuhusu mwezi uliopita, kwa kawaida unakuhusu na mwezi huu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe sikulijua. Notisi yangu ilikuwa ya miezi mitatu. Niliwasilisha barua siku ya Ijumaa nikiamini kwamba Jumatatu nitaamka mwepesi. Haikuwa hivyo. Kazi haikupungua, iliongezeka, kwa kuwa kila mtu alitaka nimalize jambo lake kabla sijaondoka. Vikao vya maana nikaondolewa. Wenzangu wakawa wakiniona wananyamaza. Katika wiki ya tano asubuhi moja nilishika kitasa cha mlango wa ofisi, mkono ukatetemeka, nikarudi kukaa kwenye ngazi karibu nusu saa. Nikajiambia: jikaze, zimebaki wiki saba tu, ukienda kwa daktari watasema unatega kazi. Nikajikaza wiki nne zaidi. Wiki hizo nne zilinigharimu karibu mwaka mzima wa kurejesha usingizi wangu.

Kwa nini kuaga hakuleti nafuu papo hapo? Mwili hausomi barua. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye alieleza jinsi mwili unavyopambana na shinikizo la muda mrefu kwa hatua tatu: kwanza hushtuka, kisha huhimili, mwisho huishiwa nguvu. Watu wengi huandika barua ya kuacha kazi wakiwa tayari mwishoni mwa hatua ya pili. Wamehimili mwaka, miaka miwili. Homoni za tahadhari, adrenalini na kotisoli, zimezoea kuwa juu. Tarehe ya kuondoka ikishajulikana, ile nguvu ya kujilazimisha hulegea, na ndipo mtu huanguka. Msidhani ni uvivu.

Tena kipindi chenyewe kina mzigo wake. Mwaka 1967 madaktari wa akili Thomas Holmes na Richard Rahe walitunga orodha ya matukio 43 ya maisha na kulipatia kila tukio alama kadiri linavyomtikisa mtu. Kifo cha mwenzi wa ndoa kilipewa 100. Kufukuzwa kazi 47, kubadili aina ya kazi 36, kutoelewana na bosi 23. Angalieni jinsi aliye kwenye notisi anavyoweza kubeba mawili au matatu kwa mpigo. Naye mtafiti Robert Karasek mwaka 1979 alionyesha kwamba kinachochosha zaidi si wingi wa kazi peke yake. Ni wingi wa kazi unapoungana na kukosa usemi juu ya kazi hiyo. Mimi sijui hali inayofanana na maelezo hayo kuliko notisi: unatakiwa umalize kila kitu, na huulizwi tena chochote.

Sasa, chumba cha daktari. Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea.

Watu huingia na kusema, "Daktari, kazi imenichosha, naomba wiki mbili." Daktari hana cha kushika hapo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, linautaja uchovu uliokithiri wa kazini, lakini linauita hali inayotokana na kazi, haliuhesabu kuwa ugonjwa. Kwa hiyo daktari anatafuta ugonjwa: sonona, wasiwasi uliopita kiasi, kukosa usingizi, au kuvurugika kwa hisia baada ya mabadiliko mazito ya maisha. Msaidie auone. Mweleze unalala saa ngapi na unaamka saa ngapi. Mweleze kama unasoma ukurasa mmoja mara nne bila kuuelewa, kama umepungua uzito, kama kifua kinabana, kama umeanza kunywa pombe ili ulale. Sema lini ilianza. Mwambie wazi kwamba uko kwenye notisi, wala usimfiche, kwa sababu ataamua vizuri zaidi akijua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye maradhi haya neno hilo si chumvi. Kama yamekujia mawazo ya kujidhuru, usisubiri miadi wala mwisho wa notisi. Nenda hospitali leo, na umwombe mtu akusindikize.

Cheti kikitoka, kipeleke kazini mapema kwa njia ambayo mkataba wako unaitaja. Barua yako iwe fupi: "Naumwa, daktari ameagiza nipumzike kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii, cheti nimekiambatanisha, mafaili ya kazi yapo mahali fulani." Huhitaji kumsimulia bosi usiku wako. Mara nyingi cheti kinatosha kusema kwamba hufai kufanya kazi kwa muda fulani bila kutaja ugonjwa, na unaweza kumwomba daktari akiandike hivyo pale sheria inaporuhusu. Kisha pumzika kweli. Nimewaona watu wanaojibu barua pepe za ofisi wakiwa kitandani, eti waonekane wana moyo. Mtu huyo hapumziki, na hakuna anayemshukuru.

Kuhusu fedha na tarehe, nitasema kwa tahadhari, kwa sababu sheria zinatofautiana sana na wengine huponzwa na walichosikia kwa jirani. Uswisi, kwa mfano, mwajiri akikupa notisi baada ya muda wa majaribio kisha ukaugua, hesabu ya siku husimama kwa muda uliowekwa na sheria: hadi siku 30 katika mwaka wa kwanza wa kazi, 90 kuanzia mwaka wa pili hadi wa tano, na 180 kuanzia wa sita. Lakini ukiacha kazi wewe mwenyewe, saa haisimami. Uingereza, Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka 1996 humlinda mgonjwa aliye kwenye notisi ya kisheria, yaani ule muda wa chini uliowekwa na sheria, apate mshahara wake kamili, ila ulinzi huo hauhusu mkataba unaomtaka mwajiri atoe notisi inayozidi ile ya sheria kwa angalau wiki moja. Mnaona jinsi wiki moja inavyogeuza mambo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza watu, soma mkataba wako, kisha uliza chama chako au ofisi ya kazi mambo matatu: nitalipwa nini nikiwa mgonjwa, je, notisi inaendelea kuhesabiwa, na siku zangu za likizo ya mwaka zitakuwaje. Hili la mwisho mlishike. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unataka siku za ugonjwa zisihesabiwe ndani ya kiwango cha chini cha likizo ya mwaka. Mwajiri asikwambie tu, "Tutazikata kwenye likizo yako," nawe ukaitikia. Muulize ni kwa kifungu kipi.

Sasa niseme na upande ambao wengine hamtaupenda. Hasira si ugonjwa. Kumchukia msimamizi si ugonjwa. Kuna watu hupanga kutorudi kazini tangu siku wanapoandika barua, wakatafuta cheti kinachoanza siku hiyo hiyo na kuishia siku ya mwisho ya notisi. Ujerumani shauri la namna hiyo lilifika Mahakama Kuu ya Kazi ya nchi hiyo, na Septemba 2021 majaji wakasema kwamba tarehe zinapolingana hivyo, cheti hupungua nguvu yake kama ushahidi, na mfanyakazi analazimika kuthibitisha kwa njia nyingine kwamba aliugua. Mfanyakazi yule alishindwa kuthibitisha, akakosa malipo. Anayejifanya mgonjwa anamchafulia njia yule anayetapika asubuhi. Kama unachotaka ni kuondoka mapema, omba kuondoka mapema. Omba notisi ifupishwe kwa makubaliano, omba utumie likizo iliyobaki, omba ukabidhi kazi kisha ukae nyumbani. Waajiri wengi hukubali kuliko mnavyofikiri, kwa sababu nao hawapendi kumtazama mtu aliyekwishaondoka moyoni.

Kwenu waajiri mlioko humu, nina ombi moja. Mtu wa notisi akileta cheti, msianze na neno "kumbe". Mpelekeeni ujumbe wa pole, mpangieni mtu wa kupokea kazi yake, na mumlipe anachostahili kwa wakati. Waliobaki wanaangalia mnamfanyia nini anayeondoka.

Mimi mwishowe nilikwenda kwa daktari wiki ya tisa. Aliniuliza jana yake nimelala saa ngapi, nikashindwa kujibu, nikalia. Akanipa wiki mbili. Nilirudi kwa siku tano za mwisho, nikamkabidhi kijana aliyenirithi mafaili yote, tukapitia moja baada ya jingine, na nikaondoka nikiwa nimepeana mkono na kila mtu, hata na yule ambaye simu yake ilikuwa ikinitetemesha.

Nimetumia muda wangu wote. Yule ambaye leo angenisubiri mlangoni, kipaza sauti kile pale kwenye safu ya kati. Karibu uulize.