Mbegu kama kokoto: kuotesha ua-mwezi

Wale wa nyuma sogeeni kidogo, leo sina picha, nina mbegu tu. Hizi hapa, shika, mpitishie mwenzio. Saizi ya njegere, ngumu kama kokoto, na ndio maana wengi wakijaribu wanaishia kumlaumu aliyewauzia, eti kawapa mbegu zilizokufa. Hazijakufa jamani, zimejifungia.

Ua-mwezi kitaalamu ni Ipomoea alba, kwao ni Amerika ya kitropiki, na ni ndugu wa kiazi kitamu, ona tu hayo majani ya umbo la moyo. Mimi mara ya kwanza nilifukia mbegu hivihivi, nikamwagilia wiki tatu, nikafukua nikazikuta zilezile, ningeweza kuzifuta vumbi nikazirudisha kwenye pakiti! Gamba halipitishi maji, basi.

Sasa chukua msasa au hata nelikata, kwangua sehemu moja tu mpaka rangi ya ndani ianze kuonekana, hapo hapo acha. Pale kwenye kovu mbegu iliposhikilia tunda usipaguse, mzizi unachomozea upande huo. Halafu loweka maji ya uvuguvugu usiku mmoja, asubuhi iliyokunywa maji utaiona imevimba, isiyovimba irudishe kwenye msasa. Ila usizisahau siku tatu kama mimi raundi ya pili, zilinuka mpaka nikazimwaga nje.

Fukia sentimita 2 hivi, udongo uwe na joto, nyuzi 20 kwenda juu, na ndani ya wiki moja au mbili inatoka. Majani mawili ya kwanza yamepasuka kama mkia wa mbayuwayu, msije mkayang'oa mkidhani magugu, nimeshaona mtu kafanya. Tumia kikopo cha karatasi ukipande chote ardhini, kwa sababu mizizi yake haipendi kubughudhiwa kabisa.

Kupanda juu hana vikonyo vya kushikia, anajizungusha mwili mzima, kwa hiyo mpe kamba au waya mwembamba, nguzo nene inamshinda. Na samadi punguzeni! Ukimjaza mbolea utapata msitu wa majani, maua hakuna, na maua yenyewe yanataka miezi mitatu minne ya kusubiri.

Halafu kuna hili linanifurahisha mno: watu wa kale wa Meksiko na jirani zake, miaka kama 3,500 iliyopita, walikuwa wanachanganya maji ya mmea huu na utomvu wa mti wa mpira ili mpira udunde, yaani karne na karne kabla Mmarekani Charles Goodyear hajapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya njia yake ya kuimarisha mpira mwaka 1844. Unapita kwenye ukuta unaona ua, kumbe ni kiwanda.

Siku ya ua la kwanza keti hapo jioni jua likizama. Kichipukizi cha ua kimejisokota kama mwavuli, kinaanza kutetemeka, halafu kinafunguka unakitazama kwa macho yako, cheupe, mpaka sentimita 15, harufu inajaa na nondo wenye mrija mrefu wanakuja. Asubuhi jua likiwaka limeshanyauka, usihuzunike, kesho kuna jingine.

Haya, maswali. Na hizo mbegu nirudishieni, zilikuwa 12, si za kula, hasa aliyekuja na mtoto aangalie mdomoni.