Yule mama niliyemkata kwenye picha ya Ngosi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo? Na Wanyakyusa mliojipanga kule nyuma, mugonile.

Nimeombwa nizungumzie sura zinazowekwa kwenye matangazo ya utalii. Kazi yangu ni kusanifu vipeperushi, kwa hiyo nianze na dhambi yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja ya kutembeza wageni ilinipa kazi ya kipeperushi cha Ziwa Ngosi, lile la kwenye kreta juu ya mlima, hapa Mbeya. Tukapanda na mpiga picha pamoja na wageni wawili, mke na mume, waliokubali kupigwa picha. Njia ile mnaijua: unaiacha barabara ya Tukuyu, unapita mashamba, kisha msitu, matope na mianzi. Tukiwa bado mashambani akatokea mama mmoja anateremka, kiroba cha viazi kichwani, kitenge kiunoni, yeboyebo miguuni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo unateleza kama sabuni. Wageni wetu walikuwa na viatu vya bei ya mbuzi watatu, na mikononi fimbo mbili kila mmoja, na walishaanguka mara mbili. Mama akapita pembeni yao, akawapa pole, akaendelea.

Mpiga picha akaipata ile nukta. Ofisini nikaambiwa, “Huyo mama mtoe, anaharibu.” Nikamtoa. Dakika tano tu, nikaenda kunywa chai.

Sasa mfikirie mtoto wa Uyole, hapa hapa Mbeya, anayekua akiona mabango hayo. Mzungu mbele na begi lake mgongoni. Mwafrika, kama yupo, kabeba mzigo au sinia. Siku ukimwambia, “Twende Ngosi Jumamosi,” atakuuliza, “Kwani wewe mzungu?” Swali hilo nimeulizwa na mpwa wangu, tena akicheka.

Mwenye biashara ana hoja yake. Hifadhini raia tunalipa kwa shilingi, mgeni analipa kwa dola, basi anampiga picha mwenye dola. Naielewa. Hata mimi nimelipwa kutokana na dola hizo.

Wenzetu Marekani wanalo hili kwa namna yao. Mwaka 1903 Kapteni Charles Young, mtu mweusi, alisimamia hifadhi ya Sequoia kule California, na askari wake weusi ndio waliokamilisha barabara ya mikokoteni hadi Giant Forest. Lakini mwaka 1939, upande wa pili wa nchi hiyo hiyo, hifadhi ya Shenandoah ikawafungulia weusi kambi yao ya pembeni, Lewis Mountain, wasichanganyike na weupe. Aliyechonga barabara akawa mtu wa kutafutiwa kona. Hapa kwetu, mabegi ya wageni wanaopanda Kilimanjaro yanabebwa na watu wanaoitwa wagumu. Jina limewastahili kweli, ila chukua kipeperushi chochote cha mlima ule uhesabu wagumu waliopo kwenye jalada.

Kuna dawa ya haraka, nayo siipendi. Siku hizi tunasema utalii wa ndani, basi analetwa binti kutoka Dar, anavalishwa koti jipya na viatu ambavyo havijawahi kuona matope, anaambiwa tabasamu. Ngozi imebadilika, begi ni lile lile! Sisi hatutembei hivyo. Sisi ni kwaya nzima ndani ya Coaster ya kukodi kwenda Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba la asili kule Rungwe, ndoo ya wali katikati ya viti, spika inapiga tangu Mbeya mjini. Ni vijana wanaokwenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na dagaa wao. Ni bibi aliyekaa kivulini anawalindia viatu. Hao nani kawapiga picha?

Hata Kitulo, ambayo ni hifadhi tangu 2005 na inasifika kwa okidi zake, tunaitangaza kwa maua matupu, kana kwamba Makete, wilaya iliko, haina watu. Jina lake la Bustani ya Mungu lilitoka midomoni mwa wenyeji, si kwa mchapishaji.

Ile picha ya Ngosi sikuifuta. Naomba taa za mbele zizimwe kidogo. Hii hapa, nzima. Msianze na sura yake, angalieni miguu, jinsi vidole vilivyouma udongo.