Kadi Isiyo na Ada ya Mwaka: Tupige Hesabu Kwanza

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie kadi za mkopo zinazorudisha pesa na zisizotoza ada ya mwaka, kwa sisi tunaoishi Marekani na kuzitumia kila siku kununua vyakula, mafuta ya gari na vitu vya nyumbani. Kabla ya kutaja kadi yoyote, tujiulize: hizo pesa tunazorudishiwa zinatoka wapi?

Si ukarimu wa benki. Kila unapolipa kwa kadi, mwenye duka anakatwa sehemu ya mauzo yake, mara nyingi karibu asilimia 2 au zaidi kidogo, na sehemu kubwa ya makato hayo inakwenda kwa benki iliyokupa kadi. Wewe unagawiwa kipande. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo mwaka 2015: kwa kadi ya mkopo ya kawaida, benki hiyo haichukui zaidi ya asilimia 0.3. Ndiyo maana kadi nono za kurudisha pesa ni adimu kule. Marekani haijaziwekea kadi za mkopo kikomo kama hicho.

Mfuko wa pili ni riba ya wale wasiomaliza deni, na hapa naomba tukae kidogo. Riba ya kadi siku hizi inapita asilimia 20 kwa mwaka kwa watu wengi. Chukua deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 22. Mwezi mmoja unalipa kama dola 18. Ili kadi ya asilimia 2 ikurudishie dola 18, lazima utumie dola 900. Tena ukibeba deni, manunuzi mapya huanza kuhesabiwa riba siku ileile, zile siku za kulipa bila riba unazipoteza. Sheria ya 2009 inataka taarifa ya mwezi itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa. Kwa hiyo muda upo. Iagize benki ikate salio lote la taarifa kwenye akaunti yako kila mwezi. Asiyeweza kufanya hivyo kwa sasa, maneno yangu yaliyobaki hayamhusu. Atafute kwanza kadi yenye riba ndogo.

Sasa uchaguzi wenyewe. Msimamo wangu ni huu: anza na kadi inayorudisha asilimia 2 kwa kila kitu, kisha kila kadi nyingine ikuthibitishie kwa namba zako kwamba inaishinda. Wells Fargo Active Cash inatoa asilimia 2. Citi Double Cash nayo inafika hapohapo kwa hatua mbili, asilimia 1 ukinunua na asilimia 1 ukilipa. Zote hazina ada ya mwaka.

Mtu ataniambia, mbona kadi ya Discover it inatoa asilimia 5? Kweli, lakini kwa makundi ya manunuzi yanayobadilika kila robo mwaka, mpaka dola 1,500 kwa robo, na sharti uyawashe mwenyewe kwenye akaunti. Kwingine kote ni asilimia 1. Tuseme matumizi yako ya kadi ni dola 18,000 kwa mwaka. Kadi ya asilimia 2 inakupa dola 360, basi. Ile ya makundi, ukijaza kila robo bila kukosa, dola 6,000 zinakupa 300 na dola 12,000 zilizobaki zinakupa 120, jumla 420. Umezidi kwa dola 60. Ukijaza nusu tu unapata 300, umeshindwa. Mstari wa kulingana ni dola 4,500 kwenye makundi hayo. (Mwaka wa kwanza Discover huongezea kiasi sawa na ulichopata, kwa hiyo mwaka huo usiuchukue kama kipimo.) Mwenye kupenda kufuatilia anaweza kubeba zote mbili, moja kwa makundi na nyingine kwa mengineyo. Mimi sina subira hiyo.

Kwa wenye familia kubwa, vyakula ndivyo vinavyokula bajeti. Blue Cash Everyday ya American Express haina ada na inarudisha asilimia 3 supamaketi, mpaka dola 6,000 kwa mwaka. Dada yake, Blue Cash Preferred, inatoa asilimia 6 kwa kikomo hichohicho lakini ina ada ya dola 95. Gawanya 95 kwa ile tofauti ya asilimia 3: unapata kama dola 3,167 kwa mwaka, yaani dola 264 kwa mwezi. Ukitumia chini ya hapo kwa vyakula, isiyo na ada ndiyo yako. Lakini angalia unanunua wapi. Kadi haijui umenunua mchele. Inaona msimbo wa aina ya biashara. Kwa American Express, Walmart na Target hazihesabiwi kuwa supamaketi, na Costco madukani mwake inapokea Visa tu kwa kadi za mkopo.

Nyumbani Afrika Mashariki nako tunakwenda. Active Cash na Double Cash hutoza asilimia 3 kwa malipo ya nje ya Marekani. Unapewa 2, unanyang'anywa 3. Quicksilver ya Capital One inarudisha asilimia 1.5 na haina makato hayo, kwa hiyo safarini inashinda.

Na pesa za kutuma nyumbani? Msitumie kadi ya mkopo. Benki nyingi huhesabu muamala huo kama kutoa pesa taslimu: ada papo hapo, riba tangu siku ya kwanza, na hurudishiwi hata senti.

Mama pale nyuma anauliza kama aifunge kadi yake ya zamani akipata bora. La, mama. Maadamu haina ada, iache wazi. Kikomo chake kinasaidia kushusha uwiano wa deni lako kwa jumla ya vikomo vya kadi zako, na uwiano huo huhesabiwa katika alama zako za mkopo. Ilipie bili moja ndogo kila baada ya miezi michache, maana kadi isiyotumika kabisa benki inaweza kuifunga yenyewe.