Nyumba ya tajiri Jacques Cœur, Bourges

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika. Zikitajwa nyumba za kale za Ufaransa, wengi huwaza Paris. Mimi leo nawapeleka Bourges, kwa Jacques Cœur, tajiri aliyefanya biashara na nchi za Sham na Misri, na papo hapo akisimamia manunuzi ya nyumba ya Mfalme Charles VII. Ujenzi aliuanza mwaka 1443.

Tazameni picha ya kwanza. Huku nyuma utaapa kwamba ni ngome: minara minene, kuta nzito. Kiwanja alichonunua kilikaa juu ya ukuta wa mji wa zama za Warumi, na mafundi wake, badala ya kuubomoa, wakaupandishia nyumba. Ndiyo maana ramani yake haikunyooka.

Sasa zungukeni mje mtaani. Juu ya lango palikuwa na sanamu ya Mfalme amepanda farasi, Mapinduzi ya Ufaransa yakaiondoa. Hawa wawili wamebaki: mwanamume na mwanamke wa mawe, wanachungulia kwenye madirisha ya uongo waone nani anapita. Kila mtaa una watu wa namna hii.

Uhondo wenyewe uko uani. Ngazi za mzunguko zimewekwa ndani ya minara, kila moja na sehemu yake, hivyo mtumishi anafika jikoni bila kukatiza ukumbini kwa wakubwa. Na juu ya milango nakshi zinakuelekeza: penye ngazi ya jikoni wamechongwa watu wa jikoni wakiwa kazini, penye njia ya kanisa dogo la nyumbani, maandalizi ya misa. Wengi husifia urembo wa mawe, ila kwangu ustadi uko kwenye mpangilio huu. Ghorofani kuna kumbi ndefu zenye dari la mbao lililopinda, utadhani jahazi limepinduliwa.

Mwenyewe hakuifaidi. Mwaka 1451 alikamatwa, mali ikachukuliwa. Akatoroka kifungoni na kufia kisiwani Chios mwaka 1456. Baadaye nyumba ikawa ofisi za mji, kisha mahakama. Mwaka 1840 iliingizwa kwenye orodha ya kwanza ya majengo ya kihistoria ya Ufaransa, lakini kesi ziliendelea kusikilizwa humo humo! Serikali iliinunua mwaka 1923, ndipo ukafuata ukarabati wa kuirudishia ramani yake.

Leo vyumba karibu vyote havina samani. Wapo wanaoona ni upungufu. Mimi naona afadhali, maana jicho linabaki kwenye jengo. Haya, nani ana swali?